Maswali ya Wasomaji: Walawi, kabila lililotolewa kwa ajili ya patakatifu

Makala yetu ya toleo lililopita ilieleza jinsi Hema ya Kukutania ilivyojengwa jangwani baada ya Waisraeli kutoka Misri, na Walawi, watu walioibeba na kuilinda, walitajwa humo kwa aya moja tu. Barua zilizotufikia tangu hapo zimedhihirisha kwamba aya hiyo haikutosheleza. Kwa kuwa maswali mengi yanahusiana, safu nzima ya toleo hili tumewaachia Walawi. Majibu yanafuata masimulizi ya Biblia, na pale tunapochota kwingine tunasema tumechota wapi.

SWALI: Yakobo alipokuwa karibu kufa aliilaani hasira ya mwanawe Lawi na kusema kwamba uzao wake utatawanywa. Iliwezekanaje basi kabila hilo hilo likabidhiwe vitu vitakatifu? Je, Walawi walikuwa bora kuliko ndugu zao? – Msomaji, Iringa

JIBU: Hawakuwa bora, ndugu msomaji, na Torati haifichi historia yao. Mwanzo 34 inasimulia jinsi Simeoni na Lawi walivyowahadaa watu wa Shekemu kwa agano la tohara, kisha wakaingia mjini na upanga na kuwaua wanaume wote kwa ajili ya heshima ya dada yao Dina. Maneno ya Yakobo katika Mwanzo 49 yanatokana na tukio hilo, nayo yaliwapata wote wawili. Kabila la Simeoni lilipewa sehemu yake ndani ya nchi ya Yuda na baadaye likamezwa humo, na Lawi akatawanywa kwelikweli katika Israeli nzima, ila yeye alitawanywa akiwa na kazi.

Kilichogeuza mambo kilitokea chini ya mlima Sinai, siku watu walipoabudu ndama ya dhahabu. Musa alisimama mlangoni pa kambi akauliza ni nani aliye upande wa Bwana, na wana wa Lawi wote wakamkusanyikia. Kutoka 32 inasema watu wapatao 3,000 walianguka siku hiyo kwa mikono yao. Ni habari nzito, nasi hatuna haki ya kuilainisha: upanga uliochomolewa Shekemu kutetea ukoo ulichomolewa Sinai dhidi ya ukoo wenyewe, na Musa alipowabariki Walawi katika Kumbukumbu la Torati 33 aliikumbuka siku ile ambayo hawakuwatambua ndugu zao.

Hata hivyo kitabu cha Hesabu kinatoa sababu nyingine, nasi tunaiona kuwa ndiyo kiini cha jambo zima. Usiku wa Pasaka wazaliwa wa kwanza wa Misri walikufa na wa Israeli wakaachwa, na tangu usiku huo kila mzaliwa wa kwanza wa kiume katika Israeli akawa mali ya Mungu. Badala ya kuwachukua watoto hao mmoja mmoja kutoka kila nyumba, Mungu aliwatwaa Walawi wawe mahali pao. Hesabu 3 inalipanga jambo hili kama mwekahazina anavyopanga daftari lake: Walawi wa kiume kuanzia umri wa mwezi mmoja walikuwa 22,000, na wazaliwa wa kwanza wa makabila mengine walikuwa 22,273. Wale 273 waliozidi hawakuwa na Mlawi wa kusimama badala yao, kwa hiyo kila mmoja alikombolewa kwa shekeli 5 za fedha, jumla shekeli 1,365, zikakabidhiwa kwa Haruni na wanawe.

Siku ya kuwekwa wakfu, kama Hesabu 8 inavyoeleza, Walawi walinyunyiziwa maji, wakanyoa mwili mzima na kufua nguo zao, kisha wana wa Israeli wakaweka mikono yao juu yao, kama mtu alivyoweka mkono juu ya kichwa cha mnyama aliyemleta madhabahuni, na Haruni akawatoa mbele za Bwana wawe sadaka ya kutikiswa. Wao wenyewe, basi, ndio waliokuwa sadaka, na utakatifu wao ulikuwa utakatifu wa kitu kilichotolewa. Mlawi aliyebeba nguo za Hema alikuwa akifanya kazi ambayo mtoto wa kwanza wa nyumba fulani, katika kabila fulani, angepaswa kuifanya.

SWALI: Nimejumlisha hesabu za koo tatu za Walawi katika Hesabu 3 na nimepata 22,300, lakini mstari wa 39 unasema 22,000. Kosa ni langu? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Umejumlisha sawasawa. Gershoni walikuwa 7,500, Kohathi 8,600 na Merari 6,200, na jumla yake ni 22,300. Marabi wa Talmudi, yaani walimu wa Kiyahudi ambao mijadala yao ya sheria imekusanywa humo, waliiona tofauti hiyo zamani, wakajibu kwamba wale 300 walikuwa wenyewe wazaliwa wa kwanza, na mtu ambaye tayari ni wa Mungu kwa kuzaliwa hawezi kumkomboa mwingine. Wachunguzi wengi wa maandiko hupendelea maelezo mengine: katika Kiebrania tarakimu tatu na sita, zikiandikwa kwa maneno, hutofautiana kwa herufi moja tu, na baadhi ya nakala za kale za tafsiri ya Kiyunani zinawahesabu Wakohathi kuwa 8,300. Mwandishi mmoja akiiruka herufi hiyo wakati wa kunakili, 8,300 inageuka 8,600. Sisi tunaona maelezo haya ya pili yana nguvu zaidi.

SWALI: Naomba kuelezwa tofauti ya kuhani na Mlawi. Na Mlawi, alipoamka asubuhi, alikwenda kufanya nini hasa? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Makuhani walikuwa uzao wa Haruni peke yake, na Haruni alikuwa wa ukoo wa Kohathi, mwana wa Lawi, kwa hiyo kuhani naye ni Mlawi kwa kuzaliwa, lakini Walawi wengi hawakuwa makuhani. Kuhani ndiye aliyekaribia madhabahu, akashughulika na damu na uvumba, na kuwabariki watu. Mlawi alipewa kubeba, kulinda na kusaidia, na mpaka kati yao ulikuwa mpaka wa uhai na kifo. Tuongeze kwamba Kumbukumbu la Torati husema mara kwa mara “makuhani Walawi” bila kuutilia mkazo mpaka huo, na Ezekieli 44 inawaachia madhabahu wana wa kuhani Sadoki pekee, kwa kuwa Walawi wengine walifuata sanamu. Wataalamu wengi wanaona humo dalili kwamba mgawanyo huu ulipitia mivutano ya vizazi vingi kabla ya kutulia.

Kazi ya Mlawi jangwani inaonekana vizuri zaidi siku kambi ilipong'olewa. Hakuna Mlawi aliyeingia kwanza. Haruni na wanawe ndio walioingia patakatifu, wakalishusha pazia la sitara na kulifunikia sanduku la agano, wakaweka juu yake ngozi, kisha juu ya ngozi wakatandaza nguo ya rangi ya samawi tupu, wakaitia miti ya kuchukulia. Meza, kinara na madhabahu vilifunikwa nguo kwanza na ngozi ikawa ya nje. Sanduku peke yake ndilo lililosafiri likiwa na samawi kwa nje, hivyo aliyeutazama msafara kwa mbali angeweza kulitambua. Baada ya hapo ndipo Wakohathi walipoitwa kubeba, na Hesabu 4 inawaonya wasiguse vitu hivyo wala wasitazame hata kidogo vinapofunikwa, wasije wakafa. Mtu alibeba begani maisha yake yote chombo ambacho hakupata kukiona kwa macho.

Wagershoni walichukua mapazia, vifuniko na kamba zake. Wamerari walichukua mifupa ya Hema: mbao 48, mataruma (miti ya kuzikaza mbao hizo), nguzo, vigingi, na vitako 100 vya fedha ambavyo kila kimoja kilikuwa na uzito wa talanta moja, yaani yapata kilo 34, na kwa pamoja zaidi ya tani tatu. Viongozi wa makabila walipotoa magari 6 na ng'ombe 12, Musa aliwapa Wagershoni magari 2 na Wamerari magari 4. Wakohathi hakuwapa hata moja, kwa kuwa mzigo wao ulikuwa wa mabegani. Tena kila kifaa kiligawiwa kwa jina, ili ajulikane nani anawajibika kwa kigingi kipi. Agizo hilo liko katika Hesabu 4:32, nasi tunaliona kuwa la maana sana katika kuelewa utumishi huu. Waliobeba walikuwa wanaume wa miaka 30 hadi 50, jumla 8,580, na aliyefika 50 aliachishwa kazi nzito lakini aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi.

Umuhimu wa utaratibu huo ulionekana wakati wa Daudi. Sanduku lilipopandishwa juu ya gari jipya la ng'ombe, ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyosha mkono kulishika, akafa papo hapo. Safari ilisimama kwa miezi mitatu, na ilipoanza tena Daudi alisema wazi, katika 1 Mambo ya Nyakati 15, kwamba haimpasi mtu kulichukua sanduku la Mungu isipokuwa Walawi, nao wakalichukua mabegani kwa miti yake.

Sanduku lilipopata makao Yerusalemu, kubeba kukaisha, na Daudi akawagawa Walawi upya: katika hesabu ya 38,000, watu 24,000 waliwekwa kuisimamia kazi ya nyumba ya Bwana, 6,000 wakawa wasimamizi na waamuzi, 4,000 mabawabu na 4,000 waimbaji. Wengine walitayarisha mikate na unga na kusimamia vipimo. Kuhusu ubawabu tuna habari moja kutoka Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa yapata mwaka 200. Katika hekalu la pili usiku walinzi walisimama mahali 24, makuhani mahali 3 na Walawi mahali 21. Msimamizi wa mlima wa hekalu aliwazungukia akiwa na mienge iliyowashwa, na mlinzi asiyesimama na kumtolea salamu ya amani alijulikana kuwa amelala, akapigwa fimbo, na msimamizi aliruhusiwa hata kuichoma nguo yake. Watu waliposikia kelele uani waliambiana kwamba ni Mlawi anapigwa kwa kulala zamuni.

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi katika Kurani tunasoma habari za Karuni, tajiri wa watu wa Musa aliyemezwa na ardhi pamoja na nyumba yake. Je, ndiye huyo Kora wa Biblia, na alikuwa na uhusiano gani na Walawi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Wafasiri wa pande zote mbili kwa kawaida humchukua kuwa mtu mmoja, ingawa kila kitabu kinamtazama kutoka upande wake. Sura ya 28, al-Qasas, inaonya juu ya majivuno ya mali, kwani funguo za hazina zake ziliwalemea watu wenye nguvu. Hesabu 16 haitaji utajiri wake. Inamtaja kama Mlawi wa ukoo wa Kohathi, binamu wa Musa na Haruni, aliyeongoza watu 250 wenye cheo kudai kwamba mkutano wote ni mtakatifu, kwa nini basi hao wawili wajitukuze?

Hoja yake haikuwa ya mjinga, na jibu la Musa ndilo linalogusa mada yetu: je, ni jambo dogo kwenu kwamba Mungu amewatenga na kuwaleta karibu naye, hata mwutake na ukuhani pia? Mtu aliyekwisha kupewa kazi takatifu aliidharau kwa sababu iko ya jirani yake iliyo juu zaidi. Ardhi ilifunua kinywa chake, moto ukawala wale 250, na siku iliyofuata mabishano yakaanza tena, mpaka fimbo ya Haruni ilipochipuka, ikatoa maua na kuzaa lozi.

Hesabu 26:11 inaongeza kwamba wana wa Kora hawakufa. Uzao wao ulikuja kuwa mabawabu wa hekalu na waimbaji, na kati ya zaburi zilizoandikwa kwa jina lao imo ya 84, ambayo mwimbaji wake anasema angependa kuwa bawabu katika nyumba ya Mungu wake kuliko kukaa katika hema za uovu. Hata nabii Samweli, kwa nasaba iliyo katika 1 Mambo ya Nyakati 6, ni wa ukoo huo.

SWALI: Katika kwaya yetu tunaambiwa kwamba sisi ni Walawi wa siku hizi. Waimbaji wa hekaluni waliishi vipi na waliimba nini? – Mwanakwaya, Mbeya

JIBU: Dada yetu, uimbaji ule ulikuwa kazi ya zamu yenye mafunzo. Daudi aliuweka chini ya nyumba tatu: ya Asafu, ya Hemani, ambaye ni mjukuu wa Samweli tuliyemtaja hapo juu, na ya Yeduthuni. Waliofundishwa walikuwa 288, nao walipigiwa kura katika zamu 24, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Walipiga matoazi, vinanda na vinubi, na tarumbeta zilikuwa za makuhani. Zaburi 12 zimeandikwa kwa jina la Asafu, ya 50 na kuanzia ya 73 hadi ya 83, nazo si nyimbo za shangwe tupu. Ya 73 ni kilio cha mtu anayeona waovu wakistawi, na ya 74 inaomboleza patakatifu palipochomwa moto.

Katika hekalu la pili, Mishna inasema, Walawi wasiopungua 12 walisimama jukwaani, na wimbo wao ulikwenda pamoja na sadaka ya kila siku, divai ilipomiminwa. Kila siku ya juma ilikuwa na zaburi yake: Jumapili ya 24, Jumatatu ya 48, Jumanne ya 82, Jumatano ya 94, Alhamisi ya 81, Ijumaa ya 93, na siku ya Sabato ya 92. Ukitaka kuwafuata kwa jambo moja, chukua hilo la ratiba. Mlawi aliimba zaburi ya siku hiyo kwa sababu siku hiyo imefika, awe na furaha au huzuni, uwanja uwe umejaa au mtupu.

SWALI: Mchungaji mmoja hapa kwetu hufundisha kwamba yeye ni Mlawi, kwa hiyo zaka yote ni haki yake na hapaswi kuulizwa inakwenda wapi. Biblia inasemaje kuhusu zaka ya Walawi? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Tutaieleza sheria yenyewe kwa ukamilifu, kwa sababu mara nyingi husomwa nusu.

Walawi hawakupewa eneo la kabila. Walipewa miji 48 ndani ya maeneo ya ndugu zao, 13 kati yake ikiwa ya makuhani, pamoja na malisho kuzunguka kila mji, ambayo haikuruhusiwa kuuzwa. Sita kati ya miji hiyo ilikuwa ya makimbilio: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi wa Yordani, na Bezeri, Ramothi na Golani ng'ambo ya pili, ambako aliyeua bila kukusudia alikaa salama mpaka kuhani mkuu alipokufa. Kwa kuwa hawakuwa na mashamba ya urithi, Hesabu 18 inawapa zaka ya Israeli iwe ujira wa utumishi wao. Sheria hiyo hiyo inaendelea kuwaamuru Walawi nao watoe sehemu ya kumi ya zaka waliyopokea, tena iliyo bora, wampe kuhani. Na Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iwekwe malangoni ili ale Mlawi, pamoja na mgeni, yatima na mjane. Hao ndio wenzake Mlawi katika sheria: watu wasio na ardhi, wanaotegemea uaminifu wa wenye ardhi.

Utegemezi huo ulikuwa wa kweli, na ulipovunjika ibada nzima ilivunjika. Katika Waamuzi 17 tunamkuta Mlawi kijana kutoka Bethlehemu akitangatanga kutafuta pa kukaa, mpaka Mika alipomwajiri awe kuhani wa sanamu zake kwa shekeli 10 za fedha kwa mwaka, nguo na chakula. Baada ya uhamisho wa Babeli waliorudi na Zerubabeli walikuwa makuhani 4,289, na Walawi 74 tu, mbali na waimbaji na mabawabu. Na Ezra alipokusanya msafara wake kando ya mto Ahava hakuona hata Mlawi mmoja, ikabidi atume wajumbe ndipo wakapatikana 38. Liwali Nehemia naye, aliporudi Yerusalemu kutoka kwa mfalme wa Uajemi, alikuta kuhani Eliashibu amempa Tobia, mpinzani wa Nehemia, chumba kikubwa kilichokuwa ghala ya zaka, na Walawi na waimbaji, kwa kukosa posho, wamekimbilia kila mtu shambani kwake.

Angalia alichofanya Nehemia. Alitupa nje vyombo vya Tobia, akawarudisha Walawi mahali pao, kisha akaweka watunza hazina wanne, kuhani Shelemia, mwandishi Sadoki, Pedaya Mlawi na Hanani msaidizi wao, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Basi sheria ya Walawi ina mwenye kupokea, ina yatima na mjane mezani pamoja naye, ina zaka ya zaka, na ina watunza hazina wanaojulikana kwa majina. Anayedai haki ya Mlawi akakataa kuulizwa ameichukua sheria kwa mkono mmoja. Wakristo hawakubaliani kama sheria hiyo inalifunga kanisa, nasi hatutaamua hilo hapa, lakini anayeitumia aitumie yote. Waulizeni wazee wa kanisa lenu, kwa heshima, daftari la hazina liko wapi.

SWALI: Je, Walawi bado wapo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Wapo. Warumi waliliteketeza hekalu mwaka 70, na kazi za madhabahu, jukwaa na malango zikakoma, lakini nasaba imeendelea kutunzwa kwa upande wa baba miongoni mwa Wayahudi. Katika sinagogi Torati inaposomwa, wa kwanza kuitwa ni mtu wa uzao wa makuhani na wa pili ni Mlawi. Kabla ya makuhani kuwabariki watu, Walawi huwamiminia maji mikononi, na ndiyo maana makaburi mengi ya Walawi yamechongwa birika. Kadhalika mtoto wa kwanza wa kiume wa Myahudi hukombolewa kwa kuhani baada ya kutimiza siku 30, lakini wa Mlawi hakombolewi, wala wa mama aliye binti wa Mlawi.

Katika Agano Jipya wametajwa mara chache: Mlawi aliyepita kando katika mfano wa Msamaria mwema, wale waliotumwa pamoja na makuhani kumhoji Yohana, na Barnaba, Mlawi wa Kipro, ambaye Matendo 4 inasema alikuwa na shamba, akaliuza na kuileta fedha kwa mitume. Kuhusu majina ya ukoo, Levi, Levy, Levin na Segal mara nyingi huashiria Mlawi, ila jina peke yake si ushahidi, kwa kuwa wapo wenye majina hayo wasio Walawi, na wapo Walawi wengi wanaoitwa vingine.